Udongo wa milimani unavuka mpaka bila kulipa ushuru

KIGALI

Dereva wa lori anayeingia Kigali kutoka Muhanga huvuka mto Nyabarongo chini ya Mlima Kigali, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, hahitaji redio kumwambia kwamba huko juu kumenyesha. Mto wenyewe unamwambia. Maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyochemka kupita kiasi, mazito na yenye haraka. Ukiyachota kwenye ndoo na kuyaacha usiku kucha, asubuhi unakuta tope limetuama chini. Tope hilo siku chache nyuma lilikuwa shamba la mtu.

Nyabarongo hukusanya maji ya sehemu kubwa ya nchi kabla ya kupita kando ya Kigali. Unaanzia milima ya kusini magharibi, unapanda kaskazini, unakutana na Mukungwa uletao maji ya Musanze na Nyabihu, kisha unageuka kuelekea kusini mashariki. Yaani udongo wa mashamba ya viazi ambavyo wafanyabiashara wa Nyabugogo wanavigombania alfajiri husafiri kwenda Kigali kwa njia mbili: mwingine umeng'ang'ania kwenye viazi ndani ya gunia, mwingine unateremka na mto. Baada ya Kigali, Nyabarongo hupokea maji ya Akanyaru, hupita kwenye mabwawa ya Bugesera, hubadilika jina kuwa Akagera, na kufika Rusumo.

Rusumo kila mfanyabiashara anapajua. Ndipo mchele, unga na bidhaa za bandari ya Dar es Salaam zinapoingilia Rwanda, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, anajaza hati rahisi ya uasilia ili bidhaa ya Afrika Mashariki isitozwe ushuru wa forodha. Mwenye mifuko ya plastiki anaiacha hapo, kwa sababu Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Wakati haya yote yanafanyika juu, chini ya daraja mto unapitisha maelfu ya magunia ya udongo wa Rwanda kuelekea Kyaka, mashamba ya miwa ya Kagera na hatimaye Ziwa Victoria. Hakuna anayeuliza hati. Hakuna anayeupima kwenye mizani.

Udongo huo una thamani, na mwenye hasara ya kwanza ni mkulima aliyeupoteza. Lakini bili yake hugawanywa kwa watu wengi, na mfanyabiashara wa kuvuka mipaka yumo, ingawa hakuna stakabadhi inayomwonyesha hivyo.

Bili isiyo na stakabadhi

Tuanze na barabara. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliyonyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda iliua watu zaidi ya 130. Milima ilimeguka, nyumba zikafukiwa, mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu, na barabara za magharibi zikakatika huku na huku. Mtambo wa maji wa Gihira, unaohudumia mji wa Rubavu ulio ubavuni mwa Goma, uliharibiwa. Anayepeleka bidhaa Goma alielewa siku hiyo kwamba mlima ulio kilomita 30 kutoka mpakani ni sehemu ya biashara yake kama ulivyo mpaka wenyewe. Soko la Mahoko, lililo kando ya Sebeya, lilikuwa limeshazoea mafuriko miaka mingi kabla ya hapo. Wachuuzi wa pale wamewahi kuona maji yakiingia mpaka kwenye vibanda.

Kisha maji ya bomba. Kigali hunywa kwa kiasi kikubwa maji ya Nyabarongo yanayosafishwa Nzove, pamoja na ya mto Yanze yanayosafishwa Kimisagara. Maji yakija na tope jingi, mtambo unahitaji dawa nyingi zaidi za kutuamisha na muda mrefu zaidi wa kuchuja. Gharama hiyo haiishi mtamboni. Inamfikia mama lishe wa Nyabugogo anayenunua dumu la maji kwa mchuuzi wa baiskeli siku ambayo bomba limekauka.

Umeme nao umo kwenye hesabu hiyo. Nyabarongo una bwawa la megawati 28 pale Mushishiro, wilayani Muhanga, na Rusumo kuna mtambo wa megawati 80 ambao Rwanda, Burundi na Tanzania zimeujenga kwa pamoja na kugawana umeme wake. Tope linapotuama nyuma ya bwawa linachukua nafasi ya maji, na tope linalopita kwenye mashine linazila taratibu. Nchi tatu zinazotegemea taa za Rusumo zinategemea pia namna mkulima wa Ngororero anavyolima mteremko wake, jambo ambalo huenda mkulima huyo hajawahi kuambiwa.

Mwisho wa safari ni Ziwa Victoria. Akagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani humo. Mbolea na udongo unaoingia nao hulisha gugu maji, na wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miaka ya 1990, gugu lilipoziba ghuba ya Kisumu hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu hiyo hiyo, ilisimamia mradi wa kuyatunza mazingira ya ziwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na Rwanda na Burundi zikajumuishwa katika awamu ya pili ingawa hazina hata mita moja ya ufuo. Ziwa lao ni mto.

Kwa nini mkulima hachimbi mwenyewe

Swali ambalo watu wa mjini huuliza ni hili: kama udongo unaondoka, kwa nini mwenye shamba asiuzuie? Jibu linahitaji kusimama kidogo kwenye mteremko pamoja naye.

Dawa inayojulikana zaidi Rwanda ni matuta ya ngazi. Mteremko unachongwa kuwa kama ngazi za nyumba, kila ngazi ikiwa bapa, na ukuta kati ya ngazi na ngazi unapandwa majani ya tembo ili mizizi iushike. Maji ya mvua yanasimama badala ya kukimbia. Ukipita barabara ya Kigali kwenda Gatuna unayaona mlima baada ya mlima, na ni mazuri kwa macho. Kwa mwenye shamba, msimu wa kwanza ni balaa.

Kuchonga ngazi ni kugeuza ardhi. Udongo mweusi wa juu, uliorutubishwa kwa miaka na mabaki ya maharage na samadi, unapaswa kuwekwa kando na kurudishwa juu baada ya kusawazisha. Kazi ikienda mbio, unafukiwa, na juu unabaki udongo mwekundu wa chini ambao haujawahi kuona mbolea. Katika nyanda za juu za Rwanda udongo huo mara nyingi una asidi kali. Maharage yanaota yakiwa ya njano. Mkulima aliyevuna magunia matatu anavuna moja, au havuni kabisa, na ardhi yake haikuwa hata nusu hekta. Juu ya hayo, kuta za ngazi zimemla sehemu ya shamba.

Ili ngazi izae kuliko mteremko wa zamani, inahitaji chokaa ya kupunguza asidi, samadi nyingi na misimu kadhaa ya subira. Chokaa inapatikana Musanze na bei yake si kubwa, ila ni mzigo mzito na usafiri wake unaweza kugharimu kuliko chokaa yenyewe. Samadi inahitaji ng'ombe. Subira inahitaji akiba ya chakula. Mtu maskini hana kimojawapo, na ndiyo maana hachimbi, hata kama anafahamu kuliko mtaalamu yeyote kwamba shamba linaondoka. Hesabu yake ni ya msimu huu. Faida ya kuchimba kwake, kwa sehemu kubwa, inakwenda kwa watu wa chini: mwenye mtambo wa maji, mwenye bwawa, mwenye lori.

Hapo ndipo fedha za hifadhi ya udongo zinapoingia. Kimsingi ni njia ya walio chini kumlipa aliye juu. Mgogoro uko kwenye nini kinalipiwa, na mpaka lini.

Fedha za Kigali zinavyofika mlimani

Rwanda haikuanza na fedha. Ilianza na umuganda, kazi ya pamoja ambayo serikali ya miaka ya 1970 iliifanya kuwa ya lazima na ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Baada ya 1994 ilisimama, ikarudi, na leo Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi biashara zinafungwa kama wanavyojua wote waliowahi kukwama mpakani siku hiyo. Umuganda unaweza kuchimba mtaro. Kuurutubisha msimu baada ya msimu hauwezi.

Malipo yalikuja baadaye. Mwaka 2008 ulianza mpango wa kupambana na umaskini ngazi ya sekta, maarufu kwa kifupi VUP, ambao unawapa kaya maskini kazi za umma kwa ujira, na kuchonga matuta ni miongoni mwa kazi hizo. Kuanzia 2010 Wizara ya Kilimo iliendesha mradi mkubwa wa matuta, uvunaji wa maji na umwagiliaji milimani, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ukiwemo mfuko wa kimataifa wa kilimo na chakula uliotoa dola milioni 50. Wachimbaji walilipwa kupitia akaunti za benki na SACCO za sekta, ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zinaanzishwa katika sekta zote 416 za nchi. Watu wengi walifungua akaunti yao ya kwanza maishani kwa sababu ya jembe.

Mwaka 2012 bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa taifa wa mazingira, unaojulikana kama FONERWA, wenye ofisi zake hapa Kigali. Huu ulikuwa tofauti. Badala ya kila mfadhili kuja na mradi wake na magari yake, fedha zinaingia kwenye kapu moja, na wilaya, wizara, mashirika na hata kampuni binafsi zinaandika maombi na kushindanishwa. Uingereza ilikuwa mchangiaji mkubwa wa mwanzo.

Mradi wa mfuko huo ambao wafanyabiashara wa Gatuna wanaupita kila siku, wajue au wasijue, ni Green Gicumbi. Ulizinduliwa 2019 kwa miaka 6, kwa dola milioni 32.8 kutoka Mfuko wa Tabianchi wa Kijani wa Umoja wa Mataifa, katika sekta 9 za wilaya ya Gicumbi. Fedha hizo ni za matuta, misitu, majiko sanifu, nyumba za waliohamishwa kutoka miteremko hatari, na chai. Chai ya Mulindi iko bondeni, na bonde linapofurika maji hukaa juu ya mizizi. Mradi ukaamua kupanda chai mpya juu ya milima.

Bonde hilo lina mto, na safari ya mto huo ingemfaa mwanafunzi wa somo la utangamano wa kikanda. Maji ya Gicumbi yanatoka Rwanda na kuingia Uganda upande wa Kabale, yanazunguka huko, kisha yanarudi Rwanda kwa jina la Muvumba, yanapita Nyagatare na kumalizikia kwenye Akagera pale Kagitumba, mahali Rwanda, Uganda na Tanzania zinapokutana. Mto mmoja, vituo viwili vya mpakani. Kati ya Februari 2019 na Januari 2022, Gatuna ilipokuwa imefungwa kwa mizigo ya kawaida na malori yakizungushwa hadi Kagitumba na kwingineko, Muvumba uliendelea kutoka na kuingia kama kawaida yake, na kila tuta lililochongwa Gicumbi katika miaka hiyo lilikuwa linamfaidi mfugaji wa Kabale kwanza, halafu mkulima wa mpunga wa Nyagatare.

Fedha hizi zimeleta mabadiliko yanayoonekana kwa macho, na kubeza ni kukosa haki. Lakini karibu zote zina tabia moja. Zinalipia kuchimba. Mchimbaji anapata ujira, ripoti inahesabu hekta, mfadhili anapiga picha, na mradi unafungwa. Msimu wa njano unaofuata unabaki wa mwenye shamba. Ndiyo maana Rwanda imewahi kuwa na matuta yaliyochongwa kwa gharama kubwa na kuachwa bila kulimwa, majani yakiota juu ya ngazi. Ukuta wa ngazi usiotunzwa ukibomoka wakati wa mvua kubwa huteremsha tope kwa mkupuo mmoja, na jirani wa chini hupata hasara ambayo hata mteremko wa zamani usingemletea.

Fimbo ilishajaribiwa

Wapo wanaosema suluhisho ni amri: asiyetunza tuta atozwe faini. Sheria za Rwanda tayari zinamtaka mwenye ardhi kuilinda, na mwaka 2005 ziliweka ukanda wa mita 10 kando ya mito na mita 50 kando ya maziwa usiolimwa. Ukanda ni jambo la haki, kwa kuwa kingo za mto hazina mbadala. Kwa matuta, Afrika Mashariki ina kumbukumbu mbaya ya fimbo.

Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, wakoloni wa Kiingereza waliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kuanzia 1950. Udongo wa pale ni mwembamba, na kuchonga kulifukia ule wenye rutuba. Mazao yakapungua, chuki ikapanda, na Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukaachwa. Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, wanawake walikataa kazi ya matuta ya lazima na kukabiliana na serikali. Hapa Rwanda mitaro iliyochimbwa kwa amri ya Wabelgiji iliachwa na wengi mara tu uhuru ulipokuja mwaka 1962. Tuta la fimbo linadumu kadiri fimbo inavyodumu.

Machakos ilikwenda njia nyingine, na hadithi yake inawahusu wafanyabiashara moja kwa moja. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya hiyo kama nchi inayokufa, makorongo kila mahali. Nao wakalazimisha matuta. Lakini matuta yaliyosambaa baadaye, hasa baada ya uhuru, yalichimbwa na watu wenyewe kupitia vikundi vya mwethya, kwa mtindo wa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Mtindo huo unaitwa fanya juu, na ni mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao: tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Sababu kubwa waliyoiona ilikuwa soko. Kahawa, matunda na mboga zilipata njia ya kufika Nairobi kwa bei inayofaa, na mtu anayeuza kila wiki ana sababu ya kurekebisha tuta lake kila mwaka.

Yaani tuta la Machakos lililipiwa na mnunuzi, kidogo kidogo, ndani ya bei.

Walio chini wanapolipa

Kwingineko wanunuzi wameombwa kulipa waziwazi. Ziwa Naivasha, Kenya, limezungukwa na mashamba ya maua yanayouzwa Ulaya, na maji yake hutoka milima ya juu ambako wakulima wadogo hulima viazi na kabichi. Tangu 2010, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, chama cha watumia maji cha ziwani, wakiwemo wakulima wa maua, kilianza kuwalipa wakulima wa juu waliokubali kupanda nyasi kwenye kontua na kuacha kulima kingo za mto. Malipo yalikuwa vocha ya kama dola 17 kwa mwaka, ya kuchukulia mbegu na pembejeo dukani. Dola 17 si utajiri. Ila ilikuja kila mwaka, baada ya mkaguzi kuona kazi ipo, na ilimrudisha mkulima dukani kununua kile hasa ambacho tuta linahitaji.

Nairobi ilifuata kwa ukubwa zaidi. Mwezi Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, chini ya shirika la The Nature Conservancy, kwa ajili ya bonde linaloipa Nairobi asilimia 95 ya maji yake. Hesabu iliyowashawishi wachangiaji ilikuwa rahisi: dola milioni 10 zikitumika milimani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Kampuni ya maji ya Nairobi, wazalishaji wa umeme wa KenGen na makampuni ya vinywaji waliketi meza moja. Mkulima alipata miche, majani ya tembo na karatasi ya plastiki ya kutandika bwawa lake dogo, ili awe na maji ya mboga wakati wa kiangazi. Huyo naye akapata kitu cha kuuza katika miezi ambayo bei iko juu. Baadaye mfuko ukawa amana ya Kenya yenye uongozi wake.

Hata Uluguru ilirudi kwenye ramani, safari hii bila polisi. WWF na CARE waliwakutanisha wakulima wa kata ya Kibungo Juu na watumiaji wa maji ya Ruvu huko Dar es Salaam, yaani shirika la maji la jiji na kiwanda cha Coca-Cola, ili wakulima walipwe kwa kuchonga matuta yaleyale ambayo babu zao waliyakataa.

Kigali ina vipande vyote vya mpango kama huo. Ina shirika la maji, WASAC, linalolipa gharama za tope. Ina viwanda vya bia na soda, na mabwawa ya umeme. Ina FONERWA yenye uzoefu wa kushika fedha, na tangu 2020 ina Bodi ya Rasilimali za Maji inayosimamia mabonde ya mito. Inachokosa ni anayechangia kwa kuwa ananufaika, badala ya kwa kuwa ni mfadhili. Fedha za wafadhili zina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba, na bwawa la umeme lina miaka mingi mbele yake.

Je, mfanyabiashara wa kuvuka mipaka naye atozwe? Kumwongezea tozo nyingine mwenye gunia mbili za maharage pale Gatuna kungekuwa mzaha, na kungemsukuma kwenye magendo. Njia za panya hazihitaji sababu mpya. Mchango wake uko mahali pengine. Chokaa ya Musanze haifiki mlimani kwa sababu lori haliendi tupu kwa hiari, lakini kuna malori mengi yanayopanda Gicumbi na Burera yakiwa matupu kwenda kubeba viazi. Majani ya tembo yanayoshika kuta za ngazi ndiyo chakula cha ng'ombe, wakiwemo wa mpango wa Girinka ulioanza kugawa ng'ombe kwa familia maskini mwaka 2006. Ng'ombe huyo anatoa samadi kwa ngazi na maziwa kwa sokoni, mradi kuna anayekuja kuyachukua maziwa kila asubuhi na kulipa kwa wakati. Ushirika wa viazi unaojua tangu Septemba nani atanunua Januari unaweza kukopa SACCO kwa ajili ya mbolea. Usiojua hauwezi.

Kwa wenye mtaji mkubwa zaidi kuna mlango mwingine. Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Misri, Rwanda ilizindua Ireme Invest, dirisha la kufadhili kampuni binafsi linaloendeshwa na FONERWA pamoja na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, kwa kuanzia na dola milioni 104. Linawaangalia wawekezaji wa kijani: anayetengeneza mbolea ya asili, anayejenga ghala la viazi lisilokula umeme mwingi, anayeuza vifaa vya umwagiliaji. Wafanyabiashara wengi wa Nyabugogo wanasikia neno mazingira na kufikiria faini. Wachache wanafikiria mkopo.

Mvua za vuli, ambazo Wanyarwanda huziita Umuhindo, huanza Septemba, na wiki mbili kabla yake huwa ni wakati wa kazi milimani. Anayekwenda Byumba kuagiza viazi atawakuta wenye matuta wakifyeka majani ya kingo na kuzibua mitaro, wengine wakibeba samadi kichwani kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Atayakuta pia mashamba ambayo ukuta umeshaanza kumeguka na hakuna aliyeugusa. Kwa kawaida mnunuzi huuliza mambo mawili: bei na kiasi. Akitaka kujua kama mwaka kesho atapata mzigo mahali hapo hapo, aangalie kuta.